Mimi ni Nani, na Nani Anauliza?

Neno ego limefika Voi likiwa tusi. "Huyo ako na ego," watu husema kuhusu jamaa asiyesalimu, dem asiyejibu meseji, bosi asiyetaka kuambiwa hesabu yake imekosewa. Ego kwetu ni kitu mtu anachokuwa nacho, kama vile anavyokuwa na deni au jino bovu, na mara nyingi anayesemwa hivyo hayupo hapo kujitetea.

Lilikotoka, neno halikuwa na ubaya huo. Sigmund Freud, katika kitabu chake cha 1923 kuhusu sehemu za nafsi, alitumia neno la kawaida kabisa la Kijerumani, Ich, neno ambalo mtoto wa Vienna angelitumia kuomba maji. Maana yake ni "mimi". Watafsiri wa Kiingereza ndio walioona "mimi" ni jepesi mno kwa sayansi, wakaenda kuazima Kilatini. Kutoka hapo likaingia vitabuni, kutoka vitabuni likaingia kwenye simu zetu, na kufikia stendi ya Voi lilikuwa limeshageuka kiburi. Safari ndefu sana kwa neno ambalo kila lugha duniani ilikuwa nalo tayari.

Naanza na safari hiyo kwa sababu kuna nyingine inayofanana nayo, na inatuhusu zaidi. Ni safari ya swali "Mimi ni nani?" kutoka darasa moja la Marekani hadi Kenya, na ya majibu ya Wakenya kutoka hapa hadi kwenye kitabu kinachosomwa dunia nzima. Kitabu ni The WEIRDest People in the World cha Joseph Henrich wa Harvard, kilichotoka 2020. Nimekisoma na kukifurahia. Pia nimekisoma nikiwa na kitabu kingine pembeni, cha zamani na kisicho na umaarufu wowote, kilichoandikwa kuhusu milima hii ninayoiona kila asubuhi. Nikavifanya viwili hivyo vibishane. Haya ndiyo yaliyotoka.

Kwanza tumpe Henrich haki yake. Mwaka 2010 yeye na wenzake wawili, Steven Heine na Ara Norenzayan, walichapisha makala iliyowachoma wanasaikolojia pabaya. Walionyesha kwamba karibu kila kilichoitwa "akili ya binadamu" kilikuwa kimepimwa kwa watu wa nchi chache tajiri. Katika majarida makubwa waliyoyaangalia, asilimia 96 ya watu waliofanyiwa utafiti walitoka nchi za viwanda za Magharibi, ambazo zina kama asilimia 12 ya watu wote duniani. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa chuo wanaotafuta maksi za kozi. Yaani sayansi nzima ya "mtu" ilijengwa juu ya vijana wa miaka kumi na tisa waliohitaji kupita saikolojia ya mwaka wa kwanza. Hoja hiyo ilikuwa kweli, na bado ni kweli.

Shida inaanza anapotaka kuonyesha tofauti yenyewe. Sura ya kwanza inamtaka msomaji akamilishe sentensi inayoanza na "Mimi ni". Msomaji wa Boston, anatabiri Henrich, ataandika sifa zake: mdadisi, mchangamfu, mpenda milima. Watu wa kwingineko wataandika ukoo, kazi, nafasi yao kati ya watu. Na ushahidi anaouleta ni wa kwetu.

Ni utafiti wa Vaunne Ma na Thomas Schoeneman, uliochapishwa 1997. Waliwalinganisha wanafunzi wa chuo wa Marekani na makundi manne ya Kenya: wanafunzi wa chuo kikuu Nairobi, wafanyakazi wa Nairobi, Wamaasai na Wasamburu. Kila mtu aliulizwa yeye ni nani, mara ishirini. Kwa Wamarekani, asilimia 12 tu ya majibu yalihusu makundi na nafasi za kijamii. Kwa wanafunzi wa Nairobi, 17. Kwa wafanyakazi, 58. Kwa Wamaasai, 80. Kwa Wasamburu, 84.

Ukiziangalia namba hizo haraka unaona kile ambacho tumeambiwa tangu shule ya msingi: Mzungu ni "mimi", Mwafrika ni "sisi". John Mbiti aliliweka wazo hilo vizuri mwaka 1969 alipoandika kwamba mtu yupo kwa sababu wenzake wapo, na tangu hapo limechapishwa kwenye fulana, mahubiri na hotuba za harambee. Namba za 1997 zinaonekana kama muhuri wa maabara juu ya kauli hiyo.

Ziangalie tena polepole. Kati ya mwanafunzi wa Marekani na mwanafunzi wa Nairobi kuna pointi tano. Kati ya mwanafunzi wa Nairobi na mfanyakazi wa Nairobi, ambao huenda wanapanda matatu moja na kununua mboga kwa mama mmoja, kuna pointi 41. Ufa mkubwa haukupita baharini. Umepita katikati ya Nairobi, kwenye geti la chuo.

Hapa naomba niingie kidogo, kwa sababu jedwali lenyewe limeniita. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, nikarudi Voi, na sasa naandika kwa malipo ya kipande kwa kipande. Kwa hesabu ya jedwali hili nilipokuwa darasani nilikuwa asilimia 17 ya "sisi", na nilipotoka getini na begi langu nikaanza kupanda kuelekea 58. Sikuhisi chochote. Labda ilitokea Mtito Andei, nikiwa nimelala.

Mzaha una hoja ndani yake. Kama darasa linaweza kumsogeza mtu pointi 41, basi tunachopima kina shule ndani yake. Mwanafunzi wa chuo amefundishwa kujibu fomu za aina hii. Ameandika barua za kuomba nafasi, amejieleza kwenye CV, ametumia miaka akisoma kwa Kiingereza, lugha ambayo mwalimu humwomba aandike insha ya "Myself" tangu darasa la nne. Anajua mstari mtupu unataka nini.

Na historia ya jaribio lenyewe inaunga mkono shaka hii. Lilibuniwa na Manford Kuhn na Thomas McPartland wa Chuo Kikuu cha Iowa, wakalichapisha 1954. Waliwapa wanafunzi 288 karatasi yenye mistari ishirini mitupu na dakika kumi na mbili. Unajua waliona nini? Wanafunzi wale walielekea kuanza na makundi: mimi ni mwanafunzi, ni msichana, ni mume, ni Mbaptisti. Walipomaliza hayo ndipo walipogeukia sifa za ndani. Wanafunzi wa Iowa, mwaka 1954, walianza na "sisi".

Halafu mambo yakabadilika huko kwao. Mwaka 1977 Louis Zurcher alichapisha kitabu kizima kuhusu badiliko hilo. Akitumia mistari ileile ishirini, aliona kwamba wanafunzi wa Marekani walikuwa wameacha kujieleza zaidi kwa nafasi zao katika jamii, kama wale wa miaka ya hamsini, na kuanza kujieleza kwa hisia na mwenendo wao. Miaka ishirini hivi, nchi moja, jaribio moja. Mizani za tafiti hizi hazifanani kabisa, sitaki kuzibebesha zaidi ya uwezo wake, lakini mwelekeo unaonekana. Kile Henrich anachokieleza kama matokeo ya karne nyingi za Kanisa la Magharibi kuvunja ndoa za binamu na ukoo mpana, mistari ishirini ilikishuhudia kikisogea ndani ya kizazi kimoja cha watoto waliokua na televisheni.

Kuna jambo lingine ambalo msomaji wa Kiswahili ataliona kabla ya profesa. Jaribu kujaza mistari hiyo kwa lugha yetu. "Mimi ni..." Kalamu inateremka yenyewe kwenye majina: mimi ni fundi, ni mama, ni Mtaita, ni Mwislamu, ni mtoto wa tatu. Sifa za ndani zinapata shida kuingia mlango huo. Zipo, mpole, mkarimu, mchoyo, lakini mazungumzo ya kila siku huzipitisha kwingine. Tunasema nina haya, nina hasira za karibu, sina subira, napenda watu, nimechoka. Au tunamkabidhi kiungo: ana mkono wazi, ana moyo mgumu, ana roho safi. Nafsi kwa Kiswahili inakaa zaidi kwenye "nina" na kwenye vitenzi. Fomu inayoanza na "ni" inagonga mlango wa mbele wa nyumba ambayo watu wake wanapitia nyuma, kisha inaandika kwamba nyumba haina mtu.

Adabu nayo iko. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu akiketi mbele yako na kukwambia "mimi ni mkarimu, mimi ni mwerevu, mimi ni mnyenyekevu", hapa kwetu utashika mfuko wako. Sifa hizo husemwa na wengine, ikiwezekana ukiwa haupo, na kwa uhakika zaidi ukiwa umekufa. Kuuliza mtu mzima ajitaje sifa zake ishirini ni kumwomba akose adabu mara ishirini. Akijibu "mimi ni baba wa fulani" ameonyesha ana adabu. Bado hajakwambia lolote kuhusu kama ana nafsi au hana.

Na anayeuliza ni nani? Nchi hii ina historia ndefu ya watu wenye karatasi wanaouliza "wewe ni nani?" Wakati wa ukoloni wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, hati ndani ya kikopo kilichoning'inia shingoni, na askari angeweza kukisimamisha kifua chako njiani na kukisoma. Leo ukienda kuchukua kitambulisho utaulizwa baba, mama, kata, chifu. Hakuna afisa aliyewahi kuuliza kama wewe ni mdadisi. Mkenya aliyezoea hayo anapoona karatasi anatoa majibu ya karatasi. Asilimia 80 na 84 zinaweza kuwa zinatueleza sehemu kubwa kuhusu Wamaasai na Wasamburu, na sehemu nyingine kuhusu serikali.

Wataita hawakuwemo kwenye jedwali la 1997. Lakini walikuwa wameshaulizwa mapema zaidi, na kwa njia bora kidogo, kwa sababu aliyeuliza alikaa. Grace Harris, mwanaanthropolojia Mmarekani, alikuja milima ya Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 pamoja na mumewe, Alfred, naye mwanaanthropolojia. Kitabu chake, Casting Out Anger, kilitoka 1978. Ndicho kile nilichosema kilikuwa pembeni yangu.

Kitabu kinahusu hasira. Harris anaeleza kwamba katika dini ya Wataita aliowakuta, chanzo kikubwa cha maafa kilikuwa moyo wenye hasira. Baba anaweza kumkasirikia mwanawe, akanyamaza, akaendelea na shamba lake, na mtoto akaugua. Baba hajaroga mtu. Hajakusudia chochote. Hasira imekaa tu moyoni na kufanya kazi yake. Mizimu nayo inakasirika, na Mungu pia. Familia inakwenda kwa mpiga ramli ili ajulikane ni moyo wa nani. Akishapatikana, mwenye hasira hufanya kutasa: anachukua pombe au kinywaji kingine mdomoni, anakipuliza nje, na kwa kitendo hicho anaitoa hasira na kutamka maneno ya baraka. Kinachotafutwa ni sere, amani na uzima wa watu, mifugo na shamba kwa pamoja.

Sasa soma hilo ukiwa na jedwali la asilimia mkononi. Hawa ndio watu ambao nadharia ingewaweka juu kabisa kwenye "sisi", watu wa ukoo, wa kaya, wa wazee. Na katikati ya dini yao kuna chumba cha ndani kabisa ambacho jirani hawezi kukiona. Hata mke hakioni. Lazima aitwe mtaalamu wa kukikisia. Na kilichomo humo kina nguvu kiasi cha kumlaza mtoto kitandani. Sijui saikolojia ya Magharibi iliyowahi kuupa moyo wa mtu mmoja uzito wa namna hiyo. Freud alisema kwamba "mimi" si bwana katika nyumba yake mwenyewe, na akadhani dunia itamchukia kwa habari hiyo. Bibi yake mtu kule Mbololo asingeshtuka. Angeuliza tu kama hasira imeshatolewa.

Kwa hiyo "sisi" ya Wataita haikuwa supu ambamo watu wameyeyuka. Ilikuwa kazi ngumu, inayorudiwa kila mara, kwa sababu kila mmoja alijulikana kuwa na moyo wake, na mioyo haiaminiki. Tunapoiuza ubuntu kwenye fulana kana kwamba babu zetu walizaliwa wakiwa wameshikana mikono, tunawanyang'anya kazi hiyo.

Mwaka 1989 Harris aliandika makala fupi ambayo naiona ina faida kuliko jedwali lote. Alisema tunachanganya mambo matatu. Kuna mtu kama kiumbe, mmoja wa jamii ya binadamu, mwenye mwili na mifupa. Kuna mtu kama nafsi, mahali ambapo maisha yanahisiwa. Na kuna mtu kama mtendaji katika jamii, ambaye neno lake linahesabiwa, anayeweza kulaumiwa, kudaiwa na kuombwa radhi. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote vitatu, na jamii inaweza kumpa kimoja na kumnyima kingine. Jaribio la mistari ishirini linauliza kuhusu cha pili, linapokea majibu ya cha tatu, kisha linatangaza kwamba cha pili hakipo.

Lakini nisimfanye Harris mtakatifu. Kitabu chake kina tabia ya vitabu vya wakati wake: "Wataita" wanafanya hivi, "Wataita" wanaamini vile. Alikaa Dawida, na Sagalla wana lugha yao, Kasigau wana mlima wao, Taveta ni watu wengine kabisa, na Voi, mji uliokua na reli, umejaa Wakamba, Waluo, Wasomali na Waswahili waliokuja na mizigo yao. Mtu mmojammoja anapotea ndani ya "Wataita" hiyo karibu sawa na anavyopotea ndani ya asilimia 84.

Makala yake ya 1957 inaonyesha hatari hii vizuri zaidi. Ilihusu saka, hali iliyowashika wanawake walioolewa. Mwanamke angesikia sauti ya gari, au aone kibiriti, sigara, kitu chochote kilichohusishwa na wanaume na wageni, akaanza kutikisika na kupoteza fahamu. Tiba ilikuwa pamoja na kumpa kitu alichokitamani na kumfanyia ngoma, ambapo angevaa baadhi ya mavazi ya kiume. Harris aliihusisha saka na hali ya wanawake ambao waume zao walishika pesa za kazi za mshahara huku wao wakibaki na jembe. Baadaye, mwaka 1971, Ioan Lewis aliichukua habari hiyo kwenye kitabu chake kuhusu upagawaji na kuifanya mfano wa wanyonge wanaopata vitu kwa mlango wa pepo. Tangu hapo, mwanamke wa Taita anayeanguka kwa sababu ya ngurumo ya gari amekuwa akitembea kwenye vitabu vya vyuo.

Nakubali uchumi ulikuwemo. Ninachokataa ni haraka ya kufika kwenye ujanja. Tumia vipimo vitatu vya Harris mwenyewe. Mke huyo, kama mtendaji, alikuwa na sentensi chache alizoruhusiwa: mume ameenda kazini, watoto wamekula, mahindi yamevunwa. Kama nafsi alisikia gari likipita kuelekea Mombasa na akataka. Alitaka nini hasa? Kibiriti? Kwenda? Kuwa mtu ambaye magari yanamsimamia? Hapakuwa na mstari wa kuandika "nataka", ukiacha mmoja, na mwili ukaujaza. Wasomi wakafika, wakauliza tiba ilikuwa shilingi ngapi. Nasoma makala ile nikitafuta mwanamke mmoja tu aseme sentensi moja kwa kinywa chake kuhusu alichokitaka, na ukurasa unaisha.

Kipimo cha kwanza, mtu kama kiumbe, nacho kina mfano wetu, na ni mzito. Zamani milimani, marehemu alizikwa, na baada ya muda kaburi likafunguliwa, fuvu likapelekwa kwenye pango la ukoo. Yapo mapango hayo mpaka leo, mafuvu yamepangwa mstari, watalii hupelekwa kuyaona karibu na Wundanyi. Fuvu pale lilikuwa na baba upande huu na babu upande ule. Lilipelekewa maneno. Liliweza kukasirika. Aliyekufa alibaki mtendaji, mwenye madai kwa walio hai.

Mengine yalichukuliwa. Leo yako Chuo Kikuu cha Cambridge, na yana umaarufu ambao watu wachache wa Taita wanaujua. Mmarekani William Howells aliyapima mafuvu 83 ya Wataita, yakawa moja ya makundi ya rejea katika utafiti wake mkubwa wa mafuvu ya dunia wa 1973. Vipimo vyake bado vinatumika, vimo kwenye programu za kompyuta zinazokisia asili ya mifupa. Mtaalamu akipata fuvu lisilojulikana mahali popote duniani anaweza kuuliza mashine: linakaribiana na nani? Na miongoni mwa majibu yanayowezekana kuna neno moja: "Teita".

Fikiria hilo. Mtu aliyewekwa pangoni ili asitenganishwe na ukoo wake sasa ni namba inayosaidia kuwatambua wafu wa watu wengine. Nafsi yake ilishaondoka, hilo kila mtu anakubali. Lakini utendaji wake haukuondoka. Ulinyang'anywa. Mfupa ulisafirishwa, mtu akabaki bila mahali pa kukasirikia.

Ndiyo maana sikubali kwamba swali la "mimi" ni anasa ya wenye muda. Siku hizi mikutano ya vijana hapa kaunti haikosi kipindi cha "jitambue". Mwezeshaji anagawa karatasi, mnaandika mimi ni nani, sifa zako, ndoto zako. Mtandaoni ni jipende kwanza, jua thamani yako, ondoa watu wanaokurudisha nyuma. Baadhi ya hayo yanasaidia. Yule mwanamke wa saka angeuhitaji sana mstari wa "nataka", na binti anayelazimishwa ndoa leo anauhitaji pia. Atakayekuja na hotuba ya "sisi Waafrika ni jamii" ili kumnyima mstari huo, mimi nitasimama na karatasi ya mwezeshaji.

Lakini karatasi hiyo inamfundisha pia kwamba aliye ndani yake tu ndiye wa kweli, na kwamba watu wengine ni mzigo au ngazi. Haina swali la hasira. Haimwulizi: ni nani umemnyamazia? Ni nani anaugua kwa sababu yako bila wewe kujua? Kutasa iliuliza hayo. Iliudai moyo wa mtu mmoja, kwa jina lake, uwajibike kwa mwili wa mwingine. Huwezi kufanya kutasa bila nafsi ya ndani, na huwezi kuifanya peke yako chumbani ukiwa umevaa vipokea sauti.

Kama ningeruhusiwa kurekebisha kitabu cha Henrich, nisingefuta jedwali. Ningeongeza safu moja tu, ya nani aliuliza, kwa lugha gani, na akiwa ameshika nini mkononi. Na Casting Out Anger ningetaka kitafsiriwe, Kiswahili na Kidawida, kisomwe Wundanyi na Voi na watu wenye haki ya kukikosoa zaidi yangu, hasa kina mama wazee wanaokumbuka saka kama jambo lililompata fulani, mwenye jina. Wao wakimaliza kusoma, waulizwe. Bila mistari. Waachwe waanze na neno lolote wanalotaka.